Valvu Pembeni, Valvu Juu: Shajara ya Injini ya Baba Mdogo

Jumamosi, 25 Januari 2025

Ubishi wenyewe, injini ipi ni bora kati ya yangu mpya na ile kongwe ya baba mdogo, ni wa siku nyingi. Kila nikiwasha pampu shambani, baba mdogo husimama kando, mikono nyuma, anaisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua, halafu anatoa hukumu ileile: "Kopo hilo." Injini yangu ni ya Kichina, nakala ya Honda GX160, silinda moja, valvu (milango midogo ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi) juu. Yake ni Briggs & Stratton ya nguvu za farasi 5, ya zile za zamani zenye valvu pembeni, imelala stoo chini ya magunia ya mbolea kwa miaka isiyopungua kumi na miwili.

"Ile ilikuwa inavuta maji hujazaliwa," anasema. Ni kweli. Lakini nami nakumbuka nikitumwa na dumu la petroli kila baada ya muda mfupi, na sijui kama kumbukumbu hiyo ni ya mtoto aliyechoka kutumwa au ni ya injini mlafi.

Leo nimemwomba: baba, niachie mashine mwezi mmoja na nusu. Nitaifufua, niifunge kwenye pampu ileile kwa mkanda uleule, hapo hapo ukingoni mwa mto Kikuletwa, tupime. Akacheka, akanirushia ufunguo wa stoo.

Jumapili, 26 Januari

Nimeitoa. Mapezi ya kupozea yamejaa majani makavu na kiota cha nyigu kilichoshikana kama saruji. Hili tuliandike mapema: tulikuwa tukiifanyisha kazi ikiwa imezibwa pua. Injini hii hupozwa kwa upepo wa flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) tu. Ukiziba mapezi, umeiua polepole, na lawama ni yetu wenyewe.

Nimefungua silinda hedi. Boliti nane, si zote za urefu mmoja, kwa hiyo nimetoboa matundu kwenye kipande cha boksi na kuzichomeka kwa mpangilio uleule. Dakika kumi, spana moja. Na hapa ndipo mtu aliyezoea injini za leo hushtuka: silinda hedi haina kitu. Hakuna valvu, hakuna springi, hakuna roka (mikono midogo inayobonyeza valvu). Ni kifuniko cha alumini chenye mapezi na tundu la plagi, basi. Ndiyo maana Wamarekani waliziita vichwa bapa. Valvu zote mbili zimekaa ndani ya bloku, kando ya pistoni, zinatazama juu kama macho ya chura, na kamshafti (shafti yenye vinundu) iko chini yake inazisukuma moja kwa moja.

Urahisi huo una bei yake, na unaiona kwa macho. Mchanganyiko wa hewa na petroli unapanda kutoka kwenye bloku, unagonga dari, unageuka, unavuka hadi juu ya pistoni, ndipo unashuka. Moshi nao unarudi kwa njia hiyohiyo ya kuzungukazunguka. Ili valvu zipate nafasi ya kunyanyuka, dari lazima liwe pana, litambae kutoka juu ya pistoni hadi juu ya valvu. Chumba cha kuchomea kinakuwa kama chapati badala ya kuwa kama andazi.

Jumamosi, 1 Februari

Siti (kikalio) ya valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, imelegea. Niliigusa na ncha ya bisibisi ikacheza, tiki tiki. Bloku ni alumini, siti ni chuma. Vikipata moto kupita kiasi, alumini inapanuka zaidi na kuiachia siti. Joto lote la ekzosi kwenye injini hizi linapita ndani ya bloku, sentimita chache tu kutoka kwenye ukuta wa silinda. Upande mmoja wa silinda unaiva, mwingine una nafuu, na duara linaanza kuwa yai.

Ugonjwa huu si wa injini ndogo peke yake. Ford walipotoa V8 yao ya vichwa bapa mwaka 1932, njia za ekzosi zilikatiza ndani ya bloku, katikati ya maji ya kupozea, kabla ya kutokea nje. Wenye magari hayo wakahangaika na kuchemsha miaka yote hadi Marekani walipoiacha baada ya modeli za 1953. Injini ile ya kwanza ilikuwa ya lita 3.6 na ilitoa nguvu za farasi 65. Ford hao hao, miaka themanini baadaye, walitoa injini ya lita 1.0, silinda tatu, yenye tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), ikatoa 123. Kila nikiitazama hesabu hiyo narudia kuisoma.

Nimemwendea fundi mmoja mzee pale Majengo, mwenye mashine ya kukereza. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umeleta maiti?" Akaigeuza bloku, akaitazama siti, akasema hakuna haja ya kuchonga mpya. Akachukua panchi butu, akagonga alumini kuizunguka siti yote, vituo vidogo vilivyokaribiana kama mshono wa mkeka, hadi alumini ikaikumbatia siti upya. Nikamuuliza itadumu? "Ukisafisha mapezi."

Nyumbani nimekwaruza mstari mmoja mwembamba kwa sindano, unaoanzia kwenye siti hadi kwenye bloku. Siti ikizunguka hata kidogo, mstari utakatika.

Jumapili, 2 Februari

Nimelaza silinda hedi juu ya kioo kilichobandikwa msasa namba 400 na kuisugua kwa mwendo wa nane. Pembe mbili ziling'aa mara moja, katikati pakabaki peusi: ilikuwa imepinda. Saa nzima hadi weusi ukaisha.

Masizi juu ya pistoni yalikuwa mazito kama ukoko wa wali. Nimeyatoa kwa kijiti cha mwanzi ili nisikwaruze.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya valvu, na siku ya kosa langu.

Kwenye injini yangu ya Kichina, kurekebisha nafasi ya valvu ni kazi ya kulegeza nati, kuzungusha, kukaza. Kwenye hii kongwe hakuna skrubu yoyote. Nafasi inapatikana kwa kusaga mwisho wa shina la valvu. Ukisaga pungufu, unarudia. Ukisaga zaidi, pole.

Nilianza vizuri. Nikasaga valvu kwenye siti zake kwa pesti, ile ya mchanga mnene halafu laini, nikizungusha kijiti chenye kikombe cha mpira kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto. Mlio hubadilika: mwanzoni ni kukwaruza, baadaye unakuwa kama wa mtu anayefuta kioo. Pete ya kijivu iliyokamilika ikatokea pande zote. Kisha nikapima. Ingizo linatakiwa kati ya milimita 0.13 na 0.18, ekzosi kati ya 0.23 na 0.28, kwa sababu shina lake linarefuka likipata moto. Kipimo huchukuliwa pistoni ikiwa imeshuka robo inchi baada ya kufika juu kabisa. Nitaeleza sababu nikifika kwenye kompresheni, yaani mkandamizo.

Ingizo likatoka 0.16, safi. Ekzosi ikawa imebana, 0.15. Nikaiweka kwenye jiwe la kunolea, nikasaga, nikapima, nikasaga. Mpwa wangu akaniita kula, nikasaga "kidogo tu" kabla ya kuondoka. Niliporudi: 0.33.

Nimekaa nayo mkononi muda mrefu. Halafu nikagundua kwamba kosa hilo lina njia ya nyuma: nikiendelea kusaga valvu kwenye siti, inazama, na ikizama nafasi inapungua. Jioni nzima ya pesti. Saa mbili usiku, 0.27. Viganja vimechubuka.

Jumapili, 9 Februari

Ringi. Sina geji ya kupimia silinda, ila kuna njia ya zamani: unaingiza ringi peke yake ndani ya silinda, unaisukuma kwa pistoni ikae sawa, unapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mianya). Silinda ikilika, mwanya unapanuka. Nimepata milimita 0.7. Kikomo cha ringi za kompresheni kwa silinda ya alumini ni 0.89. Inafaa.

Jambo moja sikulijua hadi nilipoishika: silinda hii haina sleeve (bomba la ndani) ya chuma. Pistoni inatembea juu ya alumini tupu, nayo pistoni imepakwa kromu. Injini yangu mpya ina sleeve. Hapa nampa baba mdogo alama yake kwa shingo upande: injini ya kutengenezwa kwa bei nafuu kiasi hicho kudumu miaka yote hii ni jambo. Ingawa naijua na sababu. Inazunguka taratibu, inakandamizwa kidogo, haijawahi kuulizwa swali gumu.

Jumamosi, 15 Februari

Imefungwa. Kabla ya kuiwasha nikachomeka geji ya kompresheni na kuvuta kamba. Sindano ikapanda kidogo, ikakata tamaa. Nikafikiri kazi yote imekwenda na maji.

Nilihangaika hadi nikakumbuka hilo la robo inchi. Kamshafti ya injini hii ina kinundu kidogo upande wa ingizo kinachoiacha valvu wazi kiduchu wakati pistoni inapanda, ili mvuta kamba asivunjike bega. Ukiizungusha taratibu, kompresheni inavuja kwa makusudi, na geji haiwezi kukwambia ukweli. Namna ya kuijaribu ni kuzungusha flaiwili kinyume cha mwendo wake, kwa mkono, kwa nguvu. Nikafanya. Ikanirudishia mkono kama imenipiga kofi. Nzima.

Nimesafisha pointi za magneto (kifaa kinachozalisha cheche ya plagi) zilizo chini ya flaiwili (kuanzia 1982 Briggs waliziacha wakaingia kwenye elektroniki), nikaziweka nafasi ya milimita 0.5, plagi 0.76. Mvuto wa tatu, ikakohoa. Wa nne, ikawaka.

Baba mdogo alikuwa hayupo. Nilimpigia simu nikaisogeza karibu na ekzosi. Hakusema kitu kwa muda, halafu: "Mpunguzie hewa, anakunywa hewa nyingi." Alikuwa sahihi, skrubu ya karabureta ilihitaji robo mzunguko.

Jumapili, 16 Februari

Leo nimefanya jambo nililolipenda kuliko yote. Nimenunua sirinji ya mililita 20 duka la dawa (muuzaji aliniuliza ng'ombe ana nini). Pistoni juu kabisa, valvu zimefungwa, tundu la plagi limeelekea juu, nikajaza oili kupitia tundu la plagi hadi ikafika kwenye nyuzi.

Kongwe: sirinji mbili kamili. Mililita 40.

Mpya: sirinji moja na tone la pili. Mililita 21 na nusu.

Hesabu ni ya darasa la saba. Kongwe ina ujazo wa sentimita za ujazo 206. Ongeza 40, gawa kwa 40: inakandamiza mara 6.15. Mpya ina 163, ongeza 21.5, gawa: mara 8.6. Injini iliyo ndogo kwa zaidi ya thuluthi... hapana, kwa moja ya tano, ndiyo inayotoa nguvu zilezile. Tofauti nzima imo ndani ya sirinji moja ya oili.

Kwa nini basi wasiipunguze tu chapati? Kwa sababu ukishusha dari, unazibana valvu zisipumue. Ukiongeza kompresheni kwenye chumba kipana, moto unaanzia kwenye plagi na lazima usafiri mbali. Kabla haujafika pembe za mwisho, mchanganyiko uliobaki umeshabanwa na kupata joto, unalipuka wenyewe. Ndiyo ile kugonga. Mwingereza Harry Ricardo alilishughulikia jambo hili mwaka 1919. Alikusanya sehemu kubwa ya chumba juu ya valvu na plagi, na upande wa pili akashusha dari karibu liguse pistoni. Pistoni ikipanda, mchanganyiko ulio upande ule finyu unafyatuka kuelekea kwenye plagi, unavurugika, moto unakwenda mbio. Nimetazama silinda hedi yangu: upande wa mbali na valvu dari limeshuka hivyohivyo. Kumbe wazo la miaka mia liko stoo kwetu chini ya magunia ya mbolea.

Lakini Ricardo aliwaongezea muda tu. Dawa ilikuwa kuhamishia valvu darini.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeifungua mpya, kwa haki. Kifuniko cha valvu, boliti nne, na ndani: roka mbili, springi mbili, pushirodi (fimbo za kusukumia roka) mbili zinazopanda kutoka chini. Kilichonishangaza ni jinsi ilivyo ya zamani kwingine kote. Oili inarushwa na kijiko kilicho chini ya konrodi (mkono wa pistoni), sawa na kongwe, hakuna pampu ya oili. Karabureta. Kamshafti iko chini kulekule. Silinda imelazwa nyuzi 25, cheche ya plagi ni ya elektroniki, ila usasa wake wa kweli uko kwenye silinda hedi. Honda walipoanza na mfululizo wa GX mwaka 1983, wao wenyewe walikuwa wakiuza injini za valvu pembeni. Hawakubadilisha dunia yote, walihamisha valvu.

Kidokezo cha haki kwa upande wa kongwe: mwaka jana nati moja ya roka ya hii mpya ililegea yenyewe, pushirodi ikachomoka, injini ikazimika nikiwa katikati ya vitunguu. Kongwe haina cha kuchomoka. Na shina la valvu likikatika kwenye injini ya valvu juu, kichwa chake kinadondokea kwenye pistoni na habari inaishia hapo. Valvu ya pembeni haina pa kudondokea.

Ukitaka kuona safari yenyewe ilikofika, fungua boneti ya IST au Probox yoyote iliyopaki pale stendi. Nyingi zina injini ya Toyota ya 1NZ: lita 1.5, valvu 16, kamshafti mbili juu kabisa, taiming ya valvu inayojibadilisha, kompresheni 10.5. Nguvu za farasi kama 110, yaani 73 kwa kila lita. Kongwe yetu ni 24 kwa lita. Sehemu ya tofauti hiyo ni kasi ya mzunguko tu, sawa, lakini uwezo wa kuzunguka kwa kasi nao unatokana na kupumua. Mapafu ni yaleyale.

Jumapili, 23 Februari

Jaribio. Baba mdogo amekuja na kiti chake.

Shafti zote mbili ni inchi robo tatu, kwa hiyo puli moja iliingia kote, na matundu ya kitako yamekaribiana kiasi kwamba boliti zilikubali kwa kubembelezwa. Kipimo cha kazi: pipa la lita 200 lijae kwa sekunde 52, kila injini irekebishwe throtoli hadi ifikie hapo. Halafu lita moja ya petroli kwa kila moja, iliyopimwa kwa chupa ileile, na saa ya simu.

Kongwe ilianza. Sauti yake ni nzito, ya taratibu, kweli inapendeza. Hata mimi nimekiri. Haikutetereka mzigo ulipoingia. Ilizima dakika ya 43.

Mpya ilizima dakika ya 58.

Tumerudia mchana tukiwa tumebadilisha mpangilio, maana baba mdogo alidai asubuhi ya baridi iliibeba mpya. Dakika 44 na 58.

Nimekaa na kalamu. Kompresheni peke yake, kwa hesabu za kitabuni, ingempa mpya kama asilimia 12. Mimi nimeona zaidi ya 30. Kilichobaki nakitafuta kwenye ile chapati: dari pana linanyonya joto ambalo lingesukuma pistoni na kulipeleka kwenye mapezi. Na mchanganyiko wa kongwe ni mnene, kwa sababu ukiupunguzia petroli inachemka na kuanza kukatakata. Inatumia petroli kujipoza. Petroli iliyojificha kwenye pembe za chumba hicho haiungui vizuri, inatoka ilivyo. Ukisimama nyuma ya ekzosi unaisikia puani. Hilo la mwisho ndilo lililozimaliza huko kwao: kanuni za moshi za injini ndogo zilipoanza California mwaka 1995 na Marekani nzima 1997, valvu za pembeni zikaanza kukosa pa kuponea.

Kwa saa nane za kumwagilia kwa wiki, tofauti ni karibu lita tatu. Lita ni karibu shilingi elfu tatu.

Baba mdogo alitazama karatasi. "Lakini haikuzimika njiani," akasema. "Ile ya vitunguu ilizimika."

Sikumjibu, kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 15 Machi

Masika yameanza kunukia, pampu haina kazi. Mpya imerudi kwenye kitako chake. Kongwe nimeifunga kwenye mashine ya kupukuchulia mahindi nyumbani kwa baba mdogo. Siku chache kwa mwaka, mzigo wa vishindo, hakuna anayehesabu dakika, na yeye mwenyewe anaweza kuifungua kwa spana moja bila kuniita. Nimemwachia kipande cha boksi chenye boliti kimechorwa namba.

Jioni, baada ya saa kama sita za kazi kwa jumla tangu ifufuke, nimefungua silinda hedi tena kutazama ekzosi. Siti ina rangi ya kahawia iliyokauka vizuri. Mstari wa sindano umefifia kwa moto, ikabidi niumulike kwa tochi ya simu, nikiinamisha kichwa huku na huku. Umenyooka, kutoka kwenye siti hadi kwenye bloku.